Mtumbwi Haurudi Baada ya Raundi ya Sita

Muleba,
4 Septemba 2023

Ndugu Mtengenezaji,

Salaam. Mimi ni Jovita Kahangwa, nafundisha historia sekondari hapa Muleba. Mwalimu mwenzangu Ephrasia alinipa gemu lako kwenye flashi tangu likizo ya Juni. Najua gemu lenyewe la vita ni la Wazungu, lakini kile kipande cha vita vya Kagera, mto na vijiji na maneno ya Kiswahili, umekitengeneza wewe, maana jina lipo mwanzoni: A. Kahigi, Bukoba. Halafu sanduku la posta. Kila mtu siku hizi anaweka namba ya simu, wewe umeweka sanduku kama chama cha msingi cha kahawa. Basi nakuandikia barua.

Nina malalamiko.

Nimecheza mara ishirini na sita. Umetupa kazi ya kuvusha watu 340 kutoka ng'ambo kabla adui hajafika mtoni, halafu tushikilie mto mpaka jeshi letu lije. Raundi ishirini. Mwanzoni nilipigwa vibaya, sikuwa hata na hamu ya kula. Sasa mto naushikilia vizuri, wanafunzi wananiita Brigedia. Lakini wanaovuka ni 339. Kila mara ni 339. Anayebaki ni yuleyule bibi mwenye jembe begani, kwenye kile kivuko kidogo cha Rwanyango. Mtumbwi ukishavuka raundi ya sita haurudi tena. Naubonyeza, haurudi. Nimejaribu kumpakia yeye wa kwanza, hapandi. Nimejaribu kuacha watoto ili yeye apande, Mungu anisamehe, hapandi. Nimejaribu kumpeleka darajani Kyaka kwa miguu, hatembei. Na mwisho gemu linaniandikia "Ushindi haujakamilika", kana kwamba sijui.

Naomba uniambie, njia ipo au haipo? Kitu kigumu sina ugomvi nacho, nafundisha Kidato cha Pili B. Lakini kigumu ni kimoja na kisichowezekana ni kingine.

Wako katika kushindwa,
Jovita Kahangwa


Hamugembe, Bukoba,
19 Septemba 2023

Mwalimu Jovita,

Barua yako nimeipata. Samahani nimechelewa, lile sanduku huwa silifungui kila wiki, hakuna anayeniandikia.

Mimi si kijana. Nina miaka hamsini na sita, niliishia kidato cha nne na sikufaulu. Natengeneza simu na kompyuta, kibanda changu kipo ubavuni mwa nyumba, majani ya migomba yanaingia dirishani. Hilo gemu lina sehemu inayokuruhusu utengeneze ramani yako mwenyewe, haihitaji kusoma sana, inahitaji uvumilivu. Nilianza kwa kujifurahisha.

Kuhusu ugumu, kule mtandaoni wengi wamelalamika, wengine kwa matusi. Vita ilikuwa ngumu, mwalimu. Jaribu kupeleka bunduki zote kile kilima cha magharibi raundi ya tatu, umcheleweshe adui. Labda utapata nafasi. Nasema labda.

Nakuuliza kitu, usinielewe vibaya. Kahangwa ni jina la watu wengi huku kwetu. Kahangwa wa kwenu ni wa Muleba tangu zamani, au alihamia?

Nisalimie wanafunzi.

Avit Kahigi


Muleba,
6 Oktoba 2023

Mzee Kahigi,

Shikamoo. Nisamehe kwa barua ya kwanza, nilidhani naandikia kijana wa chuo mwenye kiburi.

Kilima cha magharibi nimejaribu mara tano. Adui anachelewa, ni kweli. Mtumbwi haurudi, ni kweli pia.

Mara ya thelathini na moja kilitokea kitu. Raundi ya tisa, nimeshakata tamaa, nasogeza askari tu, nikamwona yule bibi ameshuka kwenye jiwe. Alikuwa kwenye maji, kando kabisa, na begani hakuwa na jembe. Mikono mitupu. Nikamwita Ephrasia aje aone, alipofika bibi yuko juu ya jiwe na jembe lake kama kawaida. Ephrasia akaniambia nipunguze kucheza, nioe. Nikamwambia mimi ni mwanamke, naolewa. Akasema kwa namna ninavyocheza hajui tena. Sasa, hiyo ni zawadi uliyoificha kwa anayevumilia, au kompyuta yangu imechoka?

La pili ni la baba. Baba yangu alihamia, umeuliza vizuri. Alivuka mwaka huohuo wa gemu lako, akiwa na miaka ishirini na moja. Huwa anapita nyuma yangu nikicheza, anacheka kidogo, anakwenda kwenye kibanja chake cha migomba. Jumapili alisimama. Akaniambia nisogeze picha iwe kubwa. Akaonyesha kwa kidole lile jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala, na ule mti wa mushambya ulioinamia maji, halafu akamwonyesha bibi. Akasema, "Huyu aliyechora alikuwepo."

Nimetafuta kwenye ramani zote za shule. Rwanyango haipo hata kwenye moja. Uliipata wapi?

Jovita


Hamugembe,
20 Oktoba 2023

Mwalimu Jovita,

Marahaba.

Rwanyango nilisimuliwa na watu. Jiwe nililiweka kwa kupamba, na mti hivyohivyo. Mto Kagera una mawe mengi na mishambya mingi. Mwambie mzee asijisumbue.

Kuhusu bibi asiye na jembe, picha hiyo haipo. Mimi ndiye niliyeweka picha zote na nimefungua kila faili nikaangalia tena. Bibi yupo mmoja tu, ana jembe, na hana amri ya kutembea. Ulichoka macho.

Nakushauri uache hicho kipande. Nakutumia kingine kwenye flashi hii, kinahusu Karagwe ya zamani, ni rahisi, hata mtu wa Pili B anashinda. Na kama inawezekana, mzee asikitazame tena kile cha kwanza. Umri ule mtu anahitaji kupumzika.

A. Kahigi


Muleba,
2 Novemba 2023

Kahigi,

Flashi yako sijaifungua.

Umeniuliza habari za Kahangwa, nami sasa nakueleza, kwa sababu nadhani unazijua.

Siku ile baba alikuwa na mama yake, Kemilembe, na wadogo zake wanne. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa umejaa. Bibi alitaka kupanda na jembe lake. Baba akamwambia aliache, chuma hakiwezi kukaa kwenye mtumbwi wenye watoto. Bibi akasema hawezi, mwanamke anayefika kwa watu bila jembe anakula kama ombaomba. Wakagombana mbele ya watu, na mizinga inasikika. Mwisho baba akavuka na watoto, bibi akabaki juu ya jiwe kusubiri mtumbwi urudi. Mwenye mtumbwi akamtuma mwanawe akamchukue. Yule mtoto aliporudi akasema amekuta jiwe tupu.

Kwa hiyo kwetu inajulikana kwamba bibi alikasirika, akabeba jembe lake, akarudi nyumbani kwa maadui. Alimkasirikia mwanawe mpaka akaona heri kufa. Hivyo ndivyo shangazi zangu wanavyosema, Celina na Benigna, ambao yeye ndiye aliyewavusha. Nyumbani kwa Celina kibakuli cha kahawa ya kutafuna kinapitishwa kwa wageni wote, kikifika kwa baba kinamruka. Miaka arobaini na mitano. Nimekua nikikiona kibakuli kile kinamruka baba yangu, naye anaangalia pembeni kama hakukiona.

Na kaburi hakuna. Waliotuzunguka wote wana watu wao kwenye vibanja, sisi hatuna. Baba alikataa tusimzikie hata mgomba, kama ukoo wetu unavyowafanyia waliopotea. Anasema mtu aliyeondoka kwa miguu yake hazikwi, huenda yuko mahali.

Sasa tangu aone gemu lako amebadilika. Nikitoka kazini namkuta amekaa mbele ya kompyuta. Amejifunza kuiwasha. Hashambulii, halindi daraja, hafanyi lolote. Anabonyeza mtumbwi. Siku nzima anabonyeza mtumbwi. Chakula anasukuma pembeni. Anasema aliyechora alimwona mama yake na alimwona yeye akiondoka, na ameweka kitu hiki ulimwenguni ili kumshitaki. Anasema, "Ameniandikia kwamba hata nikirudi mara mia hapandi, kwa sababu hanitaki."

Wewe ni nani, na baba yangu alikukosea nini?

Jovita Kahangwa


Muleba,
4 Desemba 2023

Kahigi,

Mwezi mmoja sasa. Senene wamekuja wamekwisha, jibu lako halijaja.

Baba alilazwa siku nne. Daktari anasema ni presha na kutokula. Amerudi, ameomba kompyuta, nimeificha kwa Ephrasia. Sasa anakaa mlangoni na kidole chake kinagongagonga goti.

Usiponijibu nitapanda gari, nitakuja Hamugembe niulize kibanda kwa kibanda.

Jovita


Hamugembe,
11 Desemba 2023

Mwalimu Jovita,

Huna haja ya kuuliza kibanda kwa kibanda. Changu ni cha tatu baada ya mashine ya kusaga. Lakini soma hii kwanza, halafu uamue kama bado unataka kuja.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Hii nitaipeleka posta leo hata kama ina makosa.

Baba yangu alikuwa Byarugaba. Unajua kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, ndiyo maana umeandikiana na Kahigi miezi mitatu na mzee wako hakushtuka. Mwambie Byarugaba, mwenye mtumbwi wa Rwanyango. Huyo atamkumbuka. Na mimi ndiye yule mtoto aliyetumwa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne. Kafi nilikuwa nimeizoea tangu nina miaka saba. Baba alivusha watu tangu asubuhi na kamba ya mtumbwi ilikuwa imemchana kiganja, nyama inaonekana. Ule ugomvi wa jembe niliuona, nilikuwa nimekaa mbele kabisa ya mtumbwi. Na kuna kitu nyumbani kwenu inaonekana hakisemwi. Mzee wako alikataa kuondoka. Alishuka kwenye maji akataka abaki na mama yake. Baba yangu ndiye aliyemwambia, panda na hawa watoto, mtumbwi utarudi kwa mama, nakupa neno langu. Ndipo akapanda. Hakumwacha. Aliahidiwa.

Tulipofika upande wa pili, chini kidogo ya mto ambapo jiwe halionekani, baba akajaribu kushika kafi, mkono ukakataa. Akaniambia mimi nenda.

Nilienda mpaka katikati. Hapo mizinga ikalia upande wa Kyaka, na mtumbwi ukatetemeka chini yangu kama kitu kinachopumua. Nikasimamisha kafi. Bibi yako alikuwa palepale kwenye jiwe. Nilimwona kama ninavyoiona karatasi hii. Alikuwa peke yake na alikuwa ananiangalia. Akaona nimeogopa. Hakunigombeza. Alisema kwa Kihaya, na mimi naandika Kiswahili kwa sababu kwa Kihaya mkono unakataa. Alisema, "Taratibu, mwanangu. Usiogope. Mimi nipo, nakusubiri."

Nikageuza mtumbwi.

Niliingia kwenye mafunjo upande wetu, mahali ambapo baba na watu waliovuka hawakuweza kuniona, nikakaa humo. Yeye aliendelea kuita. Hakupiga kelele, aliita kama mtu anavyomwita mtoto aje ale. Sijui ni muda gani. Halafu zikasikika bunduki za karibu, halafu sikumsikia. Nikajimwagia maji kichwani na kifuani ili nionekane nimepiga kafi kwa nguvu. Nikatoka.

Mzee wako ndiye aliyenifikia wa kwanza. Alichuchumaa kwenye tope akanishika mabega yote mawili. Akauliza yuko wapi. Nikasema hapakuwa na mtu. Akaniuliza, "Uliangalia vizuri? Juu ya jiwe?" Nikasema jiwe lilikuwa tupu. Uso wake ukajifunga kama mlango. Nimeuona uso ule kila siku tangu hapo, mpaka mke wangu aliwahi kuniuliza kama nina mwanamke mwingine ninayemfikiria.

Baba yangu alisema kwa watu kwamba mwanawe alirudi peke yake kwenye mizinga kumtafuta bibi wa watu. Nilipewa shati jipya. Alifariki mwaka 2004 akiwa bado analisema hilo, na kwenye mazishi yake walilisema tena, nikasimama mbele ya watu nikashukuru. Nimeungama kwa mapadri watatu tofauti. Kila mmoja amenipa rozari nikasali. Lakini padri hakuwa na mama kwenye lile jiwe, kwa hiyo sikuona kama ni yeye wa kunisamehe.

Sasa gemu. Miaka saba iliyopita mteja aliacha kompyuta kwangu hakurudi, ndani yake kulikuwa na gemu hilo. Nilipoona unaweza kuchora mto wako mwenyewe, nilichora Kagera. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama iliwezekana. Nilijiambia nilikuwa mtoto, mizinga, maji, nisingeweza. Nikaweka umbali ule ule, kasi ile ile ya mtumbwi, adui anatokea saa ile ile. Nikawa na mteja anaitwa Kamala, dereva wa bodaboda, anasubiri simu yake, anatafuna muwa. Nikamwambia jaribu hiki. Alimwokoa bibi yako raundi ya saba, mara ya kwanza tu, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika muwa. Akaniambia, "Mzee, hii ya kwako rahisi sana." Akachukua simu yake akaenda.

Siku ile nilifunga kibanda.

Kesho yake nikapunguza kasi ya mtumbwi. Kamala akamwokoa tena. Nikaongeza mafunjo. Kuna mtu wa Mwanza akamwokoa, akaniandikia kwa furaha. Nikamwongeza adui. Mwisho nikaandika amri kwamba mtumbwi ukishavuka raundi ya sita haurudi kwa lolote, na bibi hapandi kabla, wala hatembei. Tangu hapo hakuna aliyemwokoa. Mkilalamika kwamba haiwezekani, ninyi wote, mimi nilikuwa nasoma malalamiko yale kama mtu anayesomewa hukumu kwamba hana kosa. Uliponiandikia kwamba kigumu ni kimoja na kisichowezekana ni kingine, nilikaa na barua yako siku kumi.

Sikukitengeneza kumshitaki mzee wako. Nilikitengeneza kujitetea mimi. Lakini nimefanya kile kile tena. Kwa mara ya pili nimemwambia kwamba hakuna njia, na kwa mara ya pili ameniamini.

Kuhusu ile picha. Nilikwambia macho yako yalichoka. Hapo nilikudanganya. Picha haipo, hilo ni kweli, nimetafuta mpaka basi. Lakini mimi pia nimeiona, mara mbili, mchana, mvua inapiga bati. Mke wangu Elieth akimwambia mjukuu wetu taratibu, mwanangu, mimi hutoka nje ya nyumba.

Nimetengeneza kipande upya. Mtumbwi unarudi. Nimekiweka kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii, kama mzee ataweza.

Mwambie alikuwepo. Mwambie hakuondoka.

Avit Kahigi,
mwana wa Byarugaba


Muleba,
23 Desemba 2023

Mzee Kahigi,

Barua hii nimeianza mara tatu bila shikamoo. Hii ni ya nne. Shikamoo.

Nilimsomea baba uwanjani, asubuhi, jua likiwa limetoka. Sikuruka neno. Nilipofika "nikageuza mtumbwi" alisimama akaenda kwenye kibanja. Nikamwacha. Niliona anapita kati ya migomba, anakwenda mpaka mwisho, anarudi, anakwenda tena. Aliporudi akaniambia niwaite shangazi zangu.

Walikuja jioni, Celina akiwa amekasirika kwa sababu alikuwa na kazi. Baba akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Benigna alianza kulia kabla sijafika nusu. Celina hakulia. Nilipomaliza aliuliza kama kuna kahawa nyumbani. Nikaleta kwenye kisahani, hatuna kibakuli. Akaikamata kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya kaka yake, akampa wa kwanza. Baba alichukua punje moja akaitafuna taratibu sana. Ganda la kahawa lilimkwama kwenye jino na alihangaika nalo kwa ulimi, sisi tunamtazama kama tuko kanisani, mpaka akatuuliza hatujawahi kuona mtu anakula.

Jana amekula ndizi sahani nzima.

Flashi yako ameirudisha, ipo humu ndani. Amesema, na naandika kama alivyosema, mama yake hakuokolewa, kwa hiyo wewe usimwokoe kwenye kioo cha kompyuta. Anasema hata kile cha zamani ukifute. Mtu aache kumbonyeza.

Sijasema amekusamehe. Hajasema, na mimi sitamsemea. Mimi mwenyewe kuna saa nakuonea huruma, uko na miaka kumi na moja kwenye mafunjo, na kuna saa nakumbuka kibakuli kile kinaruka, nataka nichane karatasi hii. Nimefundisha vita hivi miaka kumi na tatu, tarehe na sababu na matokeo, na sikujua kwamba matokeo yalikuwa yanakaa nyumbani kwetu, yanaangalia pembeni.

Tunamzika bibi Jumamosi tarehe 13 Januari. Tutazika mgomba. Shangazi wameshona sanda. Nilimuuliza baba nani atachimba, nikitaja vijana wa jirani. Akasema, "Achimbe yule mwana wa Byarugaba. Na aje na jembe lake, hatutamwazima."

Halafu ana swali. Tangu juzi halali vizuri kwa ajili ya swali hili, si kama zamani, ni kukesha kwa mtu anayesubiri. Anasema neno la mwisho kati yake na mama yake lilikuwa jembe. Alimwambia aliache, naye akasema hawezi. Kwa hiyo anauliza: ulipomwona, jembe alikuwa amelishika, au alikuwa ameliweka chini?

Anasema usimjibu la kumfurahisha. Alishajibiwa la uongo mara moja.

Jovita


Hamugembe,
30 Desemba 2023

Mwalimu Jovita,

Marahaba.

Kipande nimekifuta, cha zamani na kipya, na pale mtandaoni nimekiondoa. Walio nacho kwenye flashi siwezi kuwafikia. Cha kwako nakuomba ukifute mwenyewe.

Elieth nimemwambia. Tumekaa mezani mpaka chai ikapoa. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mwaka tuliooana. Atakuja na mimi tarehe 13. Tutapanda gari la kwanza. Jembe ninalo. Nitachimba kwa kipimo mtakachonipa.

Swali la mzee nimeliacha mwisho.

Kwenye gemu nilimchora ana jembe begani. Niliporudi kuangalia nilivyomchora, ndipo nilipojua kwamba hata hapo nilidanganya. Alikuwa na jembe begani tulipomwacha mara ya kwanza. Nilimweka hivyo kwa sababu ilinifaa awe mtu aliyekataa kuondoka.

Mara ya pili, niliporudi peke yangu, jembe lilikuwa limelala juu ya jiwe nyuma yake. Aliponiona nimesimama katikati ya mto alishuka kwenye jiwe, akaingia majini mpaka magotini, mikono mitupu, ameninyooshea yote miwili.

Mwambie mzee aliliacha. Alikuwa tayari kuvuka.

Avit Kahigi